Rangi Isiyokauka

Bi Kheiria alikuwa hamwombi mwanawe Majid kitu. Akitaka maji alimwita Semeni, msichana wa kazi kutoka Tanga. Akitaka mazungumzo alimpigia simu dada yake Mahbuba, aliyekaa Ansab. Majid, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye kazi yake ya benki kule Ruwi, aliulizwa asubuhi kama amelala vizuri na jioni kama amekula, na hapo ndipo mapenzi ya nyumba ile yalipoishia upande wake. Kwa hiyo mama alipombishia mlango jioni moja ya mwaka elfu mbili na tatu, Majid alidhani pana mtu amekufa.

"Njoo," alisema. "Ndege ya ndugu yako inaniharibikia."

Chumba cha Amur kilikuwa mwisho wa ukumbi, katika nyumba yao ya Ghubra. Kwa miaka tisa kilikuwa hakilaliwi wala hakihamwi. Kitanda kilitandikwa, kiyoyozi kiliwashwa kila mchana, kana kwamba mwenyewe yuko njiani anarudi kutoka juani. Na juu ya meza, mahali pa heshima, ilisimama ndege ya Amur: Dakota ya plastiki ya injini mbili, mgongo mweupe na mabawa ya fedha, ambayo Amur aliiunganisha kipande kwa kipande na kuipaka rangi mwenyewe kwa miezi. Sasa bawa la kushoto lilikuwa limelegea na kuning'inia.

Majid aliijua ndege ile kuliko alivyotaka kuijua. Alikuwapo asubuhi ile ya mwaka tisini na nne, Amur alipofanya kosa ambalo kila mtengeneza ndege hizi amelifanya, na kila mmoja huapa kuwa hatalirudia: aliigusa rangi kwa kidole ili ajue kama imekauka. Haikuwa imekauka. Kidole gumba kilizama juu ya bawa la kushoto, kikateleza kidogo, kikaacha alama.

"Haraka haraka haina baraka," Amur alicheka, akajifuta kidole kwenye suruali. "N'kirudi n'taisugua."

Akaingia kwenye gari la rafiki yake kwenda Sur, na barabara ikamla. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Matanga yalipokwisha, mama aliingia chumbani akaiona ile alama. Picha za Amur alikuwa nazo nyingi, nguo zake zilijaa kabati, lakini picha haina ngozi na nguo hufuliwa. Hiki kilikuwa kidole chenyewe, na mistari yake yote. Tangu siku hiyo, kila Alkhamisi baada ya sala ya Alasiri, Bi Kheiria aliingia na chetezo, akaifukiza ile ndege kwa udi, akaisomea Yasini, kisha akaweka kidole chake gumba pale mwanawe alipoweka chake, akimwita na kumlilia mpaka Magharibi. Mahbuba, ambaye ulimi wake haukupata kufungwa mlango, aliwahi kumwambia, "Kheiria, waifukiza ndege kama biharusi! Siku itapaa ikatafute mume." Bi Kheiria hakucheka, na Mahbuba hakurudia tena. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Miaka tisa ya udi si mchezo. Mgongo mweupe wa ndege ulikuwa umegeuka rangi ya chai.

"Isafishe, uirudishie bawa lake," mama alisema. "Nawe si ndiye fundi? Lakini kidole usikiguse."

"Sikigusi, mama."

"Hebu inama utazame." Sauti yake ilishuka. "Hakijakauka. Miaka tisa, na hakijakauka. Mie nnajua kwa nini. Yupo humu."

Majid aliinama. Rangi yote ya ndege ilikuwa kavu, imezeeka, ina nyufa. Lakini pale juu ya bawa, ndani ya alama ya kidole, rangi iling'aa majimaji kama iliyopakwa mchana ule.

Ni lazima isemwe kuwa Majid aliogopa, lakini aliona wivu zaidi. Chumbani kwake alikuwa na rafu nzima ya ndege alizozitengeneza kwa zana alizoziacha Amur, na kwa ufundi aliupita wa Amur zamani sana. Hazikuwa na mchirizi wa rangi wala chembe ya gundi iliyofurika. Mara moja tu mama alichungulia akasema, "Wallahi nzuri," kama mtu anavyomsifia mtoto wa jirani, akaufunga mlango. Mwenye kosa moja ndiye aliyependwa. Asiye na kosa hakuwa na pa kushikwa.

Akaichukua ndege kwa mikono miwili, akaipeleka chumbani kwake, na moyo wake ulikuwa ukimpiga kwa furaha ya kijinga: mama amenituma.

Kazi aliifanya jioni, akitoka Ruwi. Alianza na moshi. Alichovya vijiti vya pamba katika maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni, akasugua mgongo wa ndege sehemu ndogo ndogo, na kila kijiti kilitoka kimekuwa kahawia na kunukia Alkhamisi. Ilimbidi awe na mkono mwepesi, maana chini ya uchafu wa udi palikuwa na uchafu mwingine, ule wa kukusudia. Katika ufundi huu ndege inayong'aa ni ndege ya uongo. Ya kweli huvuja oili, hupauka kwa jua, hutoa masizi nyuma ya injini, na fundi huyapaka hayo yote kwa subira baada ya rangi kukauka. Ukisugua mno, unaondoa kazi ya mwenzio pamoja na moshi.

Uchafu wa Amur ulipoanza kujitokeza, Majid alitabasamu. Marehemu, Mungu amrehemu, masizi alikuwa hayajui. Aliyapaka meusi tititi, kama ndege imetoka kuchoma mahindi, na kulia sawasawa na kushoto, jambo ambalo injini haifanyi. Karibu na madirisha aliibandua tepu ya kukingia rangi kabla ya wakati, ikang'oa rangi nyeupe. Majid alipasugua palipobanduka kwa msasa laini wenye maji, mpaka kucha ikipita isihisi ukingo, akapaka rangi nyepesi, akasubiri, akapaka tena. Kisha akachukua brashi yenye unyevu kidogo wa tina ya kuyeyushia rangi, akayapunguza masizi ya injini ya kulia mpaka yakawa kivuli kinachofifia kuelekea nyuma, vile inavyotakiwa.

Alipoigeuza ndege ili afanye na kushoto, alihisi mtu amesimama nyuma yake. Kiti cha pili, alichozoea kuketi Amur walipofanya kazi pamoja, kilitoa mlio mdogo. Majid hakugeuka. Aliweka brashi chini, akayaacha masizi ya kushoto kama yalivyokuwa, meusi na mabaya, akatoka kwenda kukaa sebuleni na Semeni aliyekuwa akitazama mchezo wa Kimisri asioelewa neno lake.

Kidole alikifunika kwa kihema cha karatasi kisiingie vumbi. Hakukigusa, kama alivyoahidi. Lakini alikuwa akikichungulia, na jioni chache baadaye aliona mng'ao umepungua. Akakigusa ukingoni kwa ncha ya kiberiti, nacho hakikunata. Rangi ilikuwa inakauka. Majid alihema kwa faraja, kisha akajionea haya, maana ilikuwa kana kwamba amemtoa ndugu yake nje na kumfungia mlango.

Kesho yake alirudi kutoka kazini, akainua kihema. Kidole kilikuwa kibichi tena. Mistari yake ilisimama mipya, imejaa, inang'aa.

"Semeni! Nani ameingia chumbani kwangu?"

"Sijaingia mimi, kaka Majid. Haki ya Mungu tena. Nilikuwa jikoni tangu asubuhi."

"Mama je?"

"Mama si alikuwa amelala kwake?"

Ikakauka tena, ikawa mbichi tena. Mfanyakazi wa benki, aliyesoma, mwenye tai tatu kabatini, alianza kusoma Ayatul Kursiyyu kabla ya kuingia chumbani kwake. Usingizi ulimpaa. Alianza kula akiwa amekaa upande wa meza unaotazama ukumbi. Na jioni moja, jua likiwa bado halijazama, alisimama mbele ya ile ndege akasema kwa sauti maneno ambayo alikuwa ameyabeba miaka tisa bila kujua kuwa ameyabeba.

"Amur, umekufa na bado unamchukua. Mimi nimebaki, nakula naye, naishi naye, na hanioni. Unataka nini zaidi?"

Pua yake ndiyo iliyomjibu. Alikuwa ameinama karibu mno na bawa, na harufu aliyoipata haikuwa ya rangi wala ya udi. Ilikuwa ya karafuu.

Alichukua kioo cha kukuzia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya safari ya Sur akakitazama kidole kama fundi, si kama mtu aliyefiwa. Kidole cha Amur kilikuwa kikubwa, kilizama kwa mshazari na kuteleza. Hiki kilikuwa kidogo, chembamba, kimesimama wima. Katikati yake ulipita mstari mfupi wa kovu, kama la mtu aliyejikata na mbuzi ya nazi.

Bi Kheiria alikuwa na maumivu ya viungo vya mikono. Kila baada ya Alasiri aliipaka mafuta ya karafuu kutoka Pemba, maana dawa za hospitali, alisema, hazina harufu ya kwao. Majid aliichukua chupa kwenye meza ya mama, akadondosha tone juu ya kipande cha plastiki kilichopakwa rangi, akakiacha. Kesho yake rangi ilikuwa laini kama samli, na plastiki yenyewe chini yake ilianza kulika.

Basi akayaelewa yote. Hapakuwa na mzuka aliyeingia chumbani kwake mchana. Aliingia mama, yeye akiwa Ruwi na Semeni jikoni, asiweze kungoja Alkhamisi, aje amshike mwanawe. Kila alipomshika kwa mikono ile ya karafuu, rangi iliyeyuka kidogo, na kidole cha Amur kilifutika kidogo, na cha mama kikaingia mahali pake. Huenda cha Amur hakikumaliza hata mwaka wa kwanza. Miaka minane iliyofuata Bi Kheiria alikuwa akikisomea Yasini kidole chake mwenyewe.

Angeweza kunyamaza. Lakini bawa lilikuwa limelegea kwa sababu hiyo hiyo. Plastiki chini ya alama ilikuwa imebaki nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na Alkhamisi chache tu zingetosha kidole cha mama kitokee upande wa pili. Hiyo ndiyo sababu nzuri ya kusema. Ilikuwapo na mbaya: alitaka ajue. Alitaka mama ajue kuwa huko ndani hakuna mtu, na kwamba mwana aliyebaki yuko hapa.

Alimwita chumbani kwake, akamketisha kwenye kile kiti cha pili.

"Mama, mafuta yako ya karafuu yanakula plastiki."

"Yanakula nini?"

"Plastiki. Na rangi pia. Ndiyo maana haikauki."

Bi Kheiria alikuwa mtu mzima, si mjinga. Aliitazama mikono yake.

"Mafuta haya nnapaka tangu mwaka wa msiba," alisema polepole. "Vidole vilianza kuniuma mule mule kwenye matanga." Akanyoosha mkono, akakiweka kidole gumba juu ya bawa. Kiliingia kama kifuniko kinavyoingia kwenye chungu chake, kovu juu ya kovu. "Kumbe miaka yote hii nnajishika mwenyewe."

Majid, aliyekuwa akiingoja saa hii, hakuiweza ilipofika. "Cha Amur kiko chini yake, mama."

"Usinidanganye. Wewe fundi. Kiko?"

"Hakiko."

"N'memfuta mie."

"Hukujua, mama."

Hakulia. Afadhali angelia. Alikunja kidole gumba ndani ya kiganja, akakifumba ngumi, kama mtu anayeficha kitu alichoiba.

"Basi isugue," alisema. "Isugue mbele yangu, n'one."

Majid aliisugua kwa msasa na maji. Rangi ilitoka kama uji wa kijivu, na safu kwa safu alikuwa akitafuta, bila kumwambia mama, mstari mmoja wa mshazari, chochote kikubwa kuliko cha mama. Alifika kwenye plastiki tupu bila kukiona. Akapaziba palipolika, akaweka kipande cha waya ndani ya bawa ili lisimame, akasawazisha, akapaka rangi ya chini.

Mama alirudi kesho yake, na kesho yake tena. Alikuja ameshaosha mikono kwa sabuni, akaketi na kuipakata mapajani, akitazama. Aliuliza kwa nini rangi inapakwa nyepesi mara nyingi badala ya nzito mara moja. Aliuliza ile ndege ya kijani kwenye rafu ni ya nani. "Yangu, mama. Zote zangu." Aliuliza kama macho hayamuumi. Alisema masizi ya kulia ni mazuri kuliko ya kushoto, na Majid alikaribia kudondosha brashi. Zilikuwa jioni bora katika maisha yake. Alikuwa akitoka Ruwi mbio, akitukana taa nyekundu, ili awahi kukaa na mama yake mzazi katika chumba kimoja.

Safu ya mwisho ya rangi ya fedha ilipolala juu ya bawa, laini, isiyo na kosa, mama aliitazama muda mrefu.

"Haina kitu," alisema.

"Ndivyo inavyotakiwa kuwa."

"Tia chako."

"Mama?"

"Kidole chako. Kitie pale, kabla haijakauka."

"Mama, hilo litakuwa kosa."

"Na la mwenzio lilikuwa nini?"

Majid alicheka, na macho yakamlowa. Miaka tisa alikuwa amefanya kila kitu barabara ili aonekane, na kumbe alichotakiwa ni kuharibu. Alikishusha kidole gumba juu ya bawa bichi, akakandamiza, akakiinua moja kwa moja. Mistari ilitoka yote. Mama alitikisa kichwa, ameridhika, na ndege ilipokauka aliibeba mwenyewe hadi chumbani kwa Amur.

Alkhamisi iliyofuata Majid aliomba ruhusa kazini, akatoka mapema. Alinunua halua ya zafarani njiani, kwa sababu mama aliipenda na kwa sababu siku hizi walikuwa na la kuzungumza. Alipofungua mlango wa mbele alikutana na harufu ya udi. Semeni alimwonyesha ukumbini kwa kidevu.

Mlango wa chumba cha Amur ulikuwa wazi nusu. Mama alikuwa amekaa mbele ya meza na kanga yake ya kusalia, chetezo kikifuka ubavuni, msahafu umekwisha kufungwa. Mikono yake ilikuwa mikavu, safi, haina tone la mafuta. Kidole chake gumba kilikuwa juu ya bawa, ndani ya alama ya Majid.

"Majid," aliita.

Kamwe Majid hakuwahi kulisikia jina lake likiitwa hivyo, kwa upole ule, mdomo ukikawia juu yake. Akapiga hatua.

"Majid wangu. Umeniacha na nani, baba? Umeniachia nyumba hii na nani?"

Hapo akaitambua ile sauti ya kumlilia Amur. Alikuwa ameisikia kupitia ukutani kila wiki kwa miaka tisa, na aliyaota maneno yake, na aliyatamani yawe yake. Alijitazama mikono, iliyoshika halua. Alikuwa mzima. Alikuwa amesimama pale pale, mzima, na mama yake alikuwa akimlilia.

"Labeka, mama," aliitika.

Mama hakugeuka. Kidole chake kilizunguka taratibu juu ya alama, kikiifuata mistari.

"Majid, mwanangu…"

"Labeka, mama! Niko hapa."

Bi Kheiria aliinua mkono wa pili kuelekea mlangoni, bila kutazama aliyesimama hapo, akamwashiria anyamaze asimkatize, akaendelea kumwita.